Modemu hukatika, kisha hukaa dakika nzima

SWALI: Nina saiba ndogo Kondele, Kisumu. Kompyuta ni ya Windows 7, modemu ni ya USB, napiga *99#, ile namba ya kuingia intaneti. Mtandao ukikatika, inakaa kama dakika moja ndipo ipige tena, na mara nyingine haipigi kabisa. Nimebadilisha laini, wapi! Shida ni modemu?

JIBU: Huenda modemu haina kosa. Usipogusa mipangilio, Windows hujaribu kupiga mara 3 tu, na kati ya jaribio na jaribio hungoja dakika 1. Tatu zikiisha, inanyamaza.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Bofya kulia kwenye muunganisho wako, ingia "Properties", halafu "Options". Majaribio yafanye 50, kungoja sekunde 10, kisha tia alama kwenye "Redial if line is dropped". Bila alama hiyo, laini ikikatika ukiwa kazini itangoja wewe mwenyewe uipige. Hata ukiitia, haifanyi kazi ikiwa huduma ya Remote Access Auto Connection Manager imezimwa. Iwashe kupitia services.msc, ambayo unaiandika palepale ulipoandika ncpa.cpl.

Kungoja sekunde 1 tu kunavutia, lakini kuache. Kompyuta itapiga modemu ikiwa bado haijaachilia pooti (mlango wake wa kuingilia kwenye kompyuta), nawe upate hitilafu 633: modemu inatumika tayari. Hitilafu hiyohiyo huletwa na ile programu iliyokuja na modemu ikiwa imefunguliwa pembeni. Ifunge, pamoja na kijialama chake karibu na saa.

Lakini ukisikia ule mlio wa USB kuchomolewa kila inapokatika, mipangilio haitakufaa kitu. Modemu inakosa umeme. Pooti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, na modemu inayohangaika kutafuta mnara huweza kuzila zote. Toa kebo ndefu nyembamba, uchomeke modemu moja kwa moja kwenye pooti za nyuma.

SWALI: Niko Nakuru, natumia pppd, programu ya kupiga modemu, kwenye Linux. Nimeweka persist ili ipige tena ikikatika, bado inangoja nusu dakika.

JIBU: Hiyo ni holdoff, muda wa kungoja kabla ya kupiga tena; usipoiandika huwa sekunde 30. Katika faili ya mipangilio ya muunganisho wako, ndani ya /etc/ppp/peers, andika holdoff 5. Ongeza maxfail 0, yaani isiwe na kikomo cha kushindwa, la sivyo ikishindwa mara 10 mfululizo inaacha. Ila lcp-echo, ule ujumbe wa kupima kama muunganisho uko hai, isikudanganye: kwa modemu za USB, mara nyingi anayeijibu ni modemu yenyewe, hata mnara ukiwa umepotea.