Korosho zipo, gesi ipo, mbona hela haikai Mtwara?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mimi ni kijana wa Masasi. Mkoa wetu una korosho, gesi na bandari nzuri tu, lakini msimu ukiisha mtaani kunakauka. Kwani uchumi wa mkoa unakuzwa na nini hasa?

JIBU: Marahaba. Hapo kwenye msimu ukiisha ndo umegusa penyewe. Mali kuwepo haitoshi, cha kuuliza ni kazi gani inafanyikia hapohapo mali ilipo. Kilo 4 za korosho ghafi zinatoa kama kilo 1 ya punje, sasa sisi tunapakia zote 4 na maganda yake zinaenda India na Vietnam, huko ndo wanabangua, wanamenya, wanapanga madaraja na kupaki, yani ajira za mwaka mzima zimepanda meli. Utasikia "jengeni viwanda", jamani si vilijengwa miaka ya 70 na 80, vingi vikaishia kufungwa! Shida kubwa mi naiona kwenye mtaji. Minada inaanza mwezi wa 10 na ndani ya miezi michache imeisha, kwa hiyo mwenye kiwanda inabidi anunue mzigo wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa mkopo na riba za benki zetu, huku anashindana na mnunuzi wa nje anayekopa kwa riba nafuu na ambaye msimu wetu ukiisha anahamia Afrika Magharibi, mashine zake hazilali.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, na mnakumbuka vurugu za 2013 za kupinga gesi isipelekwe Dar. Watu walikuwa na hoja, ila bomba likishafukiwa linaajiri walinzi na mafundi wachache tu, kazi zinakuja na kiwanda kinachotumia hiyo gesi, mfano saruji ya Dangote.

Halafu barabara. Daraja la Mkapa la 2003, lile la mto Rufiji kwenye njia ya Dar, lilitufungua kweli, lakini mvua na kimbunga Hidaya mwezi wa 5 2024 vilikata njia hiyohiyo pale Somanga, Kilwa, magari yakakwama.

Kwa wewe na wenzako: undeni kikundi cha kubangua, ulizieni halmashauri ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, fungu la vijana ni asilimia 4, na muongee mapema na AMCOS yenu, yani chama cha ushirika cha wakulima. Fuatilieni hela itoke kabla ya minada, maana ikitoka mwezi wa 2 mtakuwa na mashine mpya na korosho ziko baharini.