Maswali ya Wasomaji: Ilion imefungwa, Remington yangu ataitengeneza nani?

Bwana Mhariri, tunasikia kiwanda cha Remington kule Marekani kimefungwa. Marehemu baba mdogo alituachia bunduki yao ya Model 700 ya kalibre .30-06, aliyokuwa akiwindia upande wa Kasenga. Jamaa mmoja anatuhimiza tuiuze upesi kabla haijakosa risasi na kuwa chuma chakavu. Mwingine anasema tuiweke tu, bei itapanda. Tumsikilize nani? – Msomaji wa Kampemba

Msimsikilize hata mmoja. Kilichofungwa ni kiwanda cha Ilion, jimbo la New York. Remington ilianza mwaka 1816, ikahamia Ilion mwaka 1828, na milango ikafungwa Machi 2024. Watu wapatao 270 walikosa kazi, na wasomaji wetu wa Gécamines, kampuni ya migodi, watashangaa kusikia kwamba chama cha wafanyakazi hao wa Ilion kilikuwa kile kile cha wachimba migodi wa Marekani. Jina lenyewe halijafa: bunduki zimehamishiwa LaGrange, jimbo la Georgia.

Anayeogopa kukosa risasi hajui kwamba nyumba hii iligawanywa zamani. Mwaka 2020 ilipofilisika kwa mara ya pili, bunduki zilinunuliwa na kundi moja, risasi na kundi jingine, na Marlin, jina jingine la bunduki lililokuwa chini ya paa lile lile, ikaenda kwa kampuni ya bunduki ya Ruger. Boksi la risasi lililoandikwa Remington hutoka Lonoke, Arkansas. Ilion haihusiki nalo. Tena .30-06 hutengenezwa pia na Sellier & Bellot wa Cheki, Norma wa Uswidi na wengine wengi.

Na huyo wa bei? Model 700 imeuzwa tangu 1962, na zilizotengenezwa zinapita milioni 5. Kitu kilichojaa hivyo hakigeuki dhahabu kwa sababu geti moja limefungwa. Hata wenye bunduki hizi huko Marekani hawakulia kwa sauti moja: wapo waliokimbilia kununua zilizobaki dukani, na wapo waliosema Remington waliyoijua ilikwisha siku wawekezaji walipoinunua mwaka 2007 na kuanza kubana gharama.

Jambo la haraka kwenu ni karatasi. Permi, yaani kibali cha silaha, imeandikwa jina la marehemu, si lenu. Hapa Kongo silaha zinatawaliwa na Sheria-Amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Nendeni mkatangaze urithi huo kabla ya kuuza, kutengeneza au hata kuisafirisha mpaka Likasi.

Nina Model 700 ya zamani. Nikitaka kutoa risasi, bolti haifunguki mpaka nitoe sefti kwanza. Fundi anasema ndivyo ilivyo. Ni kweli? – Msomaji wa Golf

Ni kweli, na ndiyo sababu tunakujibu kwa kirefu. Model 700 zilizotengenezwa kabla ya 1982 zina kifungo kinachokaza bolti sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ikiwa imefungwa. Maana yake, ili utoe risasi iliyo chembani, pale inapolala tayari kupigwa, lazima uiweke bunduki katika hali ya kufyatua huku ikiwa imejaa. Ukiunganisha hilo na triga yake ya zamani, una ajali inayosubiri siku.

Ndani ya triga hiyo kuna kipande chembamba cha chuma ambacho hakikufungwa kwa skrubu wala pini. Kinashikiliwa na springi tu mbele ya mwili wa triga. Kila bunduki inapolia, kipande hicho huachana na mwili wa triga kwa nafasi ndogo mno, kisha hurudi. Vumbi, kutu au mafuta yaliyoganda yakiingia katika nafasi hiyo, hakirudi mahali pake sawasawa. Hapo unasukuma sefti, na bunduki inalia bila kidole kugusa kitu.

Mafuta ndiyo yanayowaponza watu wengi. Mtu anapuliza mafuta ya mashini ndani ya triga akidhani anaitunza. Baada ya misimu miwili yamekuwa gundi iliyochanganyika na vumbi jekundu. Triga hii haitaki mafuta. Ioshe kwa petroli nyeupe ile ya vibiriti vya kujaza, iache ikauke, basi.

Kisha ijaribu. Toa risasi zote, ondoa hata boksi la risasi chumbani, chungulia chemba na uipapase kwa kidole. Elekeza mtutu chini kwenye udongo. Fungua na ufunge bolti, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha toa sefti. Ukisikia "tak", bunduki hiyo isiguse risasi tena. Rudia mara 10. Kupita jaribio si hati ya usalama, kwa sababu kasoro hii huja na kupotea; kufeli mara moja tu kunatosha kukuambia.

Dawa ni kubadilisha triga nzima. Usimruhusu mtu kuipiga tupa. Triga inakaa kwa pini mbili tu, na kampuni ya Timney hutengeneza za kuingia moja kwa moja; kufungwa kwa Ilion hakuna neno hapo. Ukishaibadilisha, hakikisha bolti inafunguka sefti ikiwa imefungwa.

Neno kwa wenye bunduki mpya zaidi: zile zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014 zenye triga iitwayo XMP ziliitwa zirudishwe kiwandani, kwa kuwa gundi ya kukazia ilizidi ndani. Itazame triga pale kidole kinapokaa: yenye mifereji si XMP, laini ndiyo inayotiliwa shaka.

Ganda linabaki chembani, nalitoa kwa kusukuma ufito. Kipande cha kuvuta ganda nitakipata wapi? – Msomaji wa Katuba

Usinunue kitu kwanza. Chomoa bolti, chukua ganda tupu, libane usoni mwa bolti kwa mkono na uligeuze kuelekea sakafuni. Likishikilia, kipande ni kizima, na kosa liko chembani: kutu, uchafu, au risasi ulizozipaka mafuta zisipate kutu. Risasi haipakwi mafuta. Mafuta yanaweza kuua fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na ganda likiteleza badala ya kushika kuta za chemba, mshindo wote unaangukia bolti.

Ganda likidondoka, basi ni kipande. Ni kipete chembamba cha springi kilicholala ndani ya uso wa bolti. Kinachofaa .30-06 kinafaa pia .308 na .270, kwani vitako vya maganda yake ni sawa, cha .223 ni kidogo, cha magnum, zile risasi za kitako kinene, ni kikubwa. Mwambie muuzaji kama chako kimepigwa ribiti au la. Chenye ribiti mpe fundi mwenye leseni.

Nifanyeje na kutu wakati wa mvua? – Msomaji wa Kipushi

Itoe kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu wa Desemba na kuuganda kwenye chuma. Isimamishe kabatini mtutu ukitazama chini, la sivyo mafuta yatateremka na kulainisha mbao za kitako pale zinapokutana na chuma. Paka mafuta kidogo kwa kitambaa, na kabla ya kupiga pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu.

Kama ulipiga risasi za kale za kijeshi, za miaka ya 1940, mafuta hayatoshi: fataki zake huacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Siku hiyo hiyo mimina maji ya moto lita 1 kutoka upande wa chemba, bolti ikiwa nje, kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Bolti nayo ioshe, usoni hasa. Ukilala na kazi hiyo mpaka asubuhi, kutu imeshaanza.