Mkunga wa zahanati ana kazi gani ikiwa hospitali iko karibu?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu huku Kibosho, Moshi Vijijini. Mkunga wetu wa pekee ameomba uhamisho, na baadhi ya wazee wanashauri aachwe aende, kwa kuwa Hospitali ya Mawenzi haiko mbali. Je, tuna sababu ya msingi ya kumng'ang'ania?

JIBU: Ndugu mjumbe, sababu mnayo. Wazee wetu, kwa heshima zote, wanapima umbali wa mchana wa kiangazi, ilhali uchungu hauchagui saa wala msimu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa 2 au chini yake, na kinachomwokoa ni yale yanayofanyika pale pale alipojifungulia: kuchomwa sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja, mara tu mtoto anapozaliwa, kukaguliwa kondo la nyuma kama limetoka lote, na kukandwa mfuko wa uzazi ili ukaze. Dawa hiyo huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kamati isiyojua hali ya jokofu la zahanati yake ianzie hapo.

Wenye mapacha, shinikizo la damu au kovu la upasuaji ni kweli wanapaswa kujifungulia hospitali. Lakini ni nani huwabaini mapema kliniki, akaandika kwenye kadi zao, na kuwapa rufaa kabla ya uchungu?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa akina mama 81 katika kila 100 hujifungulia vituoni, kutoka 63 katika utafiti wa 2015–16, huku vifo vya uzazi vikishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Sidai kwamba hiyo ni kazi ya wakunga peke yao; hata hivyo, kituo kisicho na mkunga ni jengo tu.

Kumzuia kwa nguvu sikushauri. Mtu anayeamshwa kila usiku bila mwenzake wa kupokezana zamu, tena akiishi chumba cha kupanga mbali na zahanati, ana haki ya kuchoka. Mwulizeni kwanza kinachomwondoa. Kama ni nyumba, kijiji kinaweza kuijenga kwa nguvu zake. Kama ni zamu, mwandikieni Mganga Mkuu wa Wilaya mkiomba mkunga wa pili, na kama ameshaamua kuondoka, ombeni asiruhusiwe kabla mbadala wake hajaripoti.