Kabla ya Kununua Skana, Safisheni Maelezo ya Vifurushi

Msomaji mmoja anayefanya kazi kwenye kituo cha forodha cha vifurushi ametuuliza: bajeti ya skana ya kuona kilichomo ndani ya vifurushi imepitishwa, wanunue ya aina gani? Jibu letu halitamfurahisha. Skana isubiri. Biashara ya mtandaoni inaleta maelfu ya vifurushi vidogo, na uamuzi wa kipi kifunguliwe unatakiwa uwe umekwisha kufanyika kabla ndege haijatua. Bila taarifa zinazotangulia mzigo, skana itaongeza foleni tu.

Aliye na shaka atazame kilichotokea Marekani. Msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 ulifutwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, mwezi mmoja tu baada ya amri kutolewa. Mashirika mengi ya posta duniani yakasimamisha huduma za kwenda huko, maana haikuwa wazi nani akusanye ushuru wala taarifa zipitie wapi. Sheria ilikuwa tayari, njia ya taarifa haikuwa tayari.

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinaitaka posta ya nchi ya mtumaji itume taarifa za kifurushi chenye bidhaa kwa njia ya elektroniki kabla hakijafika: mtumaji, mpokeaji, maelezo ya bidhaa, idadi, uzito, thamani na sarafu yake. Hapo kwenye maelezo ya bidhaa ndipo penye balaa. “Zawadi”, “sampuli”, “vipuri” na “nguo” hayamsaidii mtu. “Fulana za pamba, 20” yanatosha. Andaeni orodha ya maneno yasiyokubalika, iwekeni kwenye mfumo, na ujumbe wa kukataa urudi kwa mtumaji mzigo ukiwa bado huko uliko. Ukishapakiwa, mmechelewa.

Namba ya HS (mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa) yenye tarakimu 6 ni muhimu, lakini mtumaji wa kawaida haijui. Mfumo umpendekezee kutokana na maelezo yake, afisa athibitishe. Angalieni pia majedwali yenu ni ya toleo lipi: toleo la 2022 liliipa simu janja namba yake, 8517.13. Mfumo wenye jedwali la zamani huikataa namba sahihi, na lawama humwangukia mwenye mzigo.

Namba ya kifurushi cha posta nayo ijipime yenyewe. Ina herufi mbili, tarakimu 9, kisha herufi mbili za nchi. Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki: zile nane za mwanzo zidisheni kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mfuatano, jumlisheni, gawanyeni kwa 11, kisha toeni baki kutoka 11. Ikitoka 10 andikeni 0, ikitoka 11 andikeni 5. Kwa 12345678 jumla ni 204, baki ni 6, kwa hiyo tarakimu ya tisa ni 5. Ukaguzi huu hunasa makosa ya kunakili lebo kwa mkono, ambayo huacha kifurushi rafuni huku taarifa zake zikielea peke yake kwenye mfumo.

Sasa wale wanaogawa mzigo mmoja kuwa vifurushi kumi ili kila kimoja kionekane kidogo. Msiwatafute kwa majina. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa kompyuta ni watu watatu. Tafuteni kwa simu, lakini isafisheni kwanza: 0712, +255712 na 255712 ni mwanzo wa namba ileile. Bakizeni tarakimu 9 za mwisho (Burundi ni 8) pamoja na msimbo wa nchi, kisha hesabuni vifurushi vya kila namba kwa siku 30 zilizopita. Linganisheni pia thamani kwa kipande kimoja, si kwa kifurushi kizima.

Njia za kijani (kipite), njano (nyaraka zikaguliwe) na nyekundu (kifunguliwe) mnazijua. Kinachosahaulika ni kuandika matokeo. Afisa akifungua kifurushi asikute kosa, hilo nalo liingie kwenye mfumo, la sivyo kanuni mbovu ya kuchagua vifurushi itaendelea kuvuta watu wasio na hatia mwaka mzima. Na vile vya kijani, vichache vichaguliwe kwa bahati nasibu vifunguliwe. Msipofanya hivyo hamtajua kamwe kinachowapita.

Malipo: mpokeaji apate ujumbe wenye hesabu nzima, si jumla peke yake. Kwa fulana za dola 100, usafiri na bima vikiwemo, ushuru wa asilimia 35 ni dola 35. VAT ya asilimia 18 inakatwa kwenye 135, nayo ni 24.30; jumla 59.30, bila tozo nyingine ndogo. Watu wengi hudhani VAT inakatwa kwenye 100, na hapo ndipo ugomvi wa kaunta huanzia. Alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na ujumbe wenyewe useme wazi kwamba hakuna afisa anayepokea ushuru kwa simu yake binafsi. Matapeli wa “kifurushi chako kimezuiliwa forodha” wanaishi kwa ukimya wa taasisi kuhusu jambo hili.