Ule Mpira Ulionaswa Ulikuwa Wetu Wawili

Jumanne usiku kijana mmoja wa sekondari huko Texas, anayecheza futiboli ya Kimarekani, aliniandikia: "Kaka, kwotabeki, mrushaji wetu, karusha mpira kulia, mimi nimekata kushoto, ukanaswa na wapinzani. Timu nzima inasema ni mimi. Nifanyeje?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Mdogo wangu, kidonda hicho nakijua.

Mimi ni risiva, yule anayekimbia kudaka mpira wa kwotabeki. Hapa Columbus, Ohio, tunacheza kila Jumapili ile futiboli ya bendera, ya kuchomoana vitambaa kiunoni badala ya kuangushana. Miaka miwili iliyopita, kwenye mechi ya mtoano, tulikuwa nyuma kwa pointi nne na dakika moja haijatimia. Tulihitaji yadi nane. Njia yangu ya kukimbia ilikuwa ya kuchagua: beki anayenikaba akikaa mbali, nasimama na kumgeukia kwotabeki, akinibana, nakata kwenda mstari wa pembeni. Beki alikaa mbali. Nikasimama. Mpira ukanipita kuelekea pembeni, ambako hapakuwa na mtu wetu, ukatua mikononi mwa adui.

Kwotabeki akatanua mikono yote miwili kunielekea, kama anayeuliza nilikuwa wapi. Mikono ile iliniuma kuliko kushindwa. Waliosimama nje ya uwanja hawajui njia gani ilipangwa, wanachoona ni ile mikono. Mke wangu na wanangu walikuwepo. Nilinyamaza, nikabeba viatu vyangu, nikaendesha gari mpaka nyumbani bila kufungua redio.

Wiki ile mwenzetu mmoja alinitumia video ya simu. Nikaitazama mpaka usiku wa manane. Beki alikuwa mbali kweli, nami nilichagua sawa. Kwotabeki aliachia mpira kabla sijageuka, alibahatisha. Lakini nikaona jambo jingine, na limenichukua muda kulikubali: nilisimama kwenye yadi ya sita. Hata angenirushia mimi, zingebaki mbili. Nilimtumia video, nikamwandikia kosa langu kwanza. Aliisoma. Hajajibu hadi leo.

Makwotabeki nao wana uchungu wao, niwe mkweli. Mpira ukinaswa, takwimu zinaandikwa jina lake, hata kama ulimgonga risiva mikononi ukaruka juu. Ndiyo maana wengine wana haraka ya kutafuta wa kumtwika.

Wakubwa wenyewe hawajapona. Tarehe 5 Februari 2012, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya Marekani, pale Indianapolis, Patriots wakiongoza Giants 17 kwa 15 na zimebaki dakika nne na ushei, kwotabeki wao Tom Brady alimrushia risiva Wes Welker aliyekuwa peke yake. Mpira ulikuja nyuma ya bega, Welker akajipinda hewani, ukamgusa mikono yote miwili, ukadondoka. Giants wakashinda 21 kwa 17. Welker alijilaumu mwenyewe. Mke wa Brady wa wakati huo, alipochokozwa na mashabiki, alisema mumewe hawezi kurusha na kudaka kwa wakati mmoja. Mimi nimeirudia picha ile mara nyingi: ule mpira ungedakwa, na pia ungerushwa vizuri zaidi. Yote mawili ni kweli.

Miaka mitatu baadaye, kwenye Super Bowl dhidi ya Patriots, Seattle walikuwa yadi moja tu kutoka mstari wa kufunga. Kwotabeki wao Russell Wilson akamrushia risiva Ricardo Lockette, beki wa Patriots Malcolm Butler akaruka mbele yake akaunasa. Kocha wa Seattle, Pete Carroll, alisema kosa ni lake. Wilson naye akajitwika. Lakini kocha wao wa mashambulizi alisema hadharani kwamba Lockette angeweza kuupigania mpira kwa nguvu zaidi. Niliposikia hilo, niliiona tena ile mikono iliyotanuliwa. Butler alikuwa ameuona mchezo uleule mazoezini wiki ile! Hiyo ni lawama ya Lockette?

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kuulizana nani kakosea, ulizaneni mlikubaliana nini. Beki akikaa mbali, mnafanya nini? Akibana? Semeni kabla ya mechi, kwa mdomo, kila mmoja arudie. Mkishindwa, zungumzeni pembeni, wawili tu. Usimtanulie mwenzako mikono uwanjani, hata kama haki ni yako. Na hesabu hatua zako. Hesabu hatua zako kabla hujataja jina la mtu. Vijana wengi wanataka kuvaa jezi za vyuo vikubwa na hawajawahi kukaa na kwotabeki wao dakika kumi kuongea kuhusu beki mmoja.

Nenda kesho kabla ya mazoezi. Usianze na "ulirusha vibaya." Muulize, "Wewe ulimwona beki amesimama wapi?" kisha mwonyeshe ulikomuona wewe. Niandikie jioni uniambie kasemaje.