Maswali Yenu Kuhusu AI: Vitabu Hewa, Majani ya Muhogo na Sauti ya Kaka

Safari hii karibu barua zote zilizoingia zinauliza AI, kwahiyo tumeamua ukurasa wote uwe wake. Baadhi ya maswali tumeyapunguza urefu tu, maana hatujaigusa.

Niliiomba ChatGPT inipe vitabu vya kuandalia somo la biashara ya misafara, ikanipa vitano, na waandishi, na wachapishaji, mpaka kurasa. Nimezunguka maktaba na maduka, vitatu havipo popote. Mbona inadanganya huku inajiamini hivyo? – *Mwalimu wa sekondari, Tabora*

Mwalimu pole sana kwa kuzungushwa. Kwanza hebu tuelewane, hiyo kitu haikukudanganya kama mtu anavyodanganya, mtu anayedanganya anaujua ukweli akauficha, hii yenyewe ndani haina orodha ya vitabu ambayo inaenda kuiangalia kabla ya kukujibu. Imesomeshwa maandishi mengi mno na kazi yake ya msingi ni moja, kukisia kipande cha neno kinachofuata, halafu kingine, halafu kingine, mpaka jibu linaisha. Mfumo huo unaitwa transfoma, watafiti wa Google waliutoa 2017, na mpaka leo ChatGPT, Gemini, Claude na wenzao wengi wamejengwa juu ya msingi huo. Sasa ukiuliza kitu kilichoandikwa mara milioni, mfano mji mkuu wa Kenya, kisio linatua palepale. Ila ukiuliza vitabu vya misafara iliyokuwa inapita Tabora, vitu vilivyotajwa sehemu chache, yenyewe inajua tu majina ya vitabu vya aina hiyo huwa yanakaaje, waandishi wake huwa wanaitwaje, basi inaunga unga inatoka na kitabu hewa chenye jina zuri kabisa.

Utauliza kwanini isiseme tu sijui. Septemba 2025 watafiti wa OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, walitoa andiko kuhusu hilihili, wakasema sehemu kubwa ya tatizo ni namna tunavyozipima, yaani majaribio mengi yanatoa alama ukipatia, sifuri ukikosea, na ukisema sijui nayo sifuri, kwahiyo inayobahatisha inamaliza na alama nyingi kuliko inayokiri. Wewe unaliona kila mwaka darasani, mwanafunzi hajui kabisa jibu lakini anachagua B ilimradi asiache wazi.

Na hujaumia peke yako. 2023 kule New York mawakili wa abiria aliyekuwa anashitaki shirika la ndege la Avianca walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazijawahi kutokea, zote zimetungwa na ChatGPT, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Watu wa sheria hao, walizisaini bila kuzifungua.

Ushauri wangu ni geuza kazi. Badala ya kuiomba ikutafutie, we ndo uipe kitu, chukua kitabu unachokiamini, piga picha kurasa zake, uiambie itunge maswali kutoka humo tu na iandike kila swali limetoka ukurasa upi. Hapo inakosea mara chache zaidi, na hata ikikosea kitabu unacho mkononi, unaiona. Ukitaka lazima ikutafutie vyanzo basi washa ile sehemu ya kutafuta mtandaoni na ufungue kila linki mwenyewe, kabisa, mpaka ukurasa wenyewe utokee.

Kila wiki naambiwa imetoka AI mpya kiboko ya zote. Ukiondoa matangazo, nini hasa kimebadilika tangu 2022? – *Mwanafunzi wa chuo, Eldoret*

Kimebadilika kitu kimoja kikubwa na watu wengi hawajakishika. Zamani modeli, yaani ile AI yenyewe inayokujibu, ilikuwa inajibu papo hapo, sasa zinaandika hatua za kufikiri kwanza, zinarudi nyuma, zinajaribu njia nyingine, ndo zinajibu. OpenAI walitoa yao, o1, Septemba 2024, halafu Januari 2025 kampuni ya China inayoitwa DeepSeek ikatoa R1 na kuiachia watu waipakue bure, na dunia nzima ikashtuka. Namna zinavyofundishwa ndo utamu wenyewe: unaipa modeli maswali ambayo jibu lake kompyuta inaweza kulikagua, hesabu au msimbo wa programu za kompyuta, inajaribu mara nyingi mno, njia zinazofika kwenye jibu sahihi zinatiliwa nguvu, zisizofika zinafifia. Julai 2025 kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyofanyika Australia, mifumo ya Google DeepMind na OpenAI kila mmoja ulifikisha alama 35 kati ya 42, kiwango cha medali ya dhahabu.

Angalia basi imekimbia wapi. Imekimbia pale palipo na wa kukagua. Hata AlphaFold ya DeepMind ni hivyohivyo, ile inayotabiri protini inajikunja umbo gani, ilipimwa kwenye mashindano ambayo maabara zinakuwa tayari na jibu la kweli lakini wanalificha, mwaka 2020 ikawaacha wenzake mbali, na 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind wakapata Nobeli ya kemia pamoja na David Baker. Kwenye ushauri wa ndoa au historia ya ukoo wenu hamna mashine ya kukagua, na huko hizi modeli hazijapaa kiasi hicho. Ukisikia AI mpya uliza swali hilo moja tu, jibu lake nani analikagua na kwa kipimo gani, matangazo mengi yatapungua uzito hapohapo.

Mjukuu wangu hujambo. Mihogo yangu majani yamejikunja yana mabaka ya njano, kijana wa jirani anasema simu inapiga picha inataja ugonjwa. Ni kweli au nataka kuibiwa? – *Bibi mkulima, Mkuranga*

Shikamoo bibi. Ni kweli kabisa na huibiwi, ni bure. Inaitwa Nuru, iko ndani ya programu ya PlantVillage, wameitengeneza Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na imefundishwa kwa picha za majani ya muhogo yaliyopigwa shambani hukuhuku kwetu. Kijana akishaiweka kwenye simu haihitaji bando kule shambani, inafanya kazi bila mtandao, na inaongea Kiswahili. Inatambua batobato, inatambua michirizi ya kahawia, na inatambua uharibifu wa utitiri wa kijani.

Sasa bibi hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo watu wanaposhindwa. Kuna utafiti ulitoka 2020 ukaipima Nuru kwenye magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, wakailinganisha na watu. Kwa jani moja Nuru ilipatia asilimia 65. Mabwana shamba walipatia kati ya 40 na 58, wakulima wenyewe kati ya 18 na 31, na wataalamu wa muhogo wakaishinda kidogo. Ila walipoonyesha majani sita ya mmea uleule badala ya moja, Nuru ikapanda mpaka kati ya 74 na 88. Kwahiyo kijana asipige jani moja akakimbia kukupa majibu, mwambie achukue sita, ya juu, ya kati na ya chini, maana michirizi ya kahawia hupenda kujionyesha kwenye majani ya chini yaliyokomaa wakati batobato inaonekana sana kwenye machanga.

Halafu kuna kitu simu haikioni, nacho ni mzizi. Michirizi ya kahawia inaweza kuozesha muhogo chini huku juu shamba linapendeza, ndo maana ugonjwa huu umesumbua pwani yetu miaka yote hii, wa kwanza kuueleza kitaalamu ni mtafiti Storey akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Muheza mwaka 1936. Kwahiyo hata simu ikikwambia mmea mzima, chimbua mashina mawili matatu, kata mihogo vipande uangalie ndani kama kuna kahawia kavu.

Kwa ulivyoeleza, kujikunja na mabaka ya njano, inafanana sana na batobato, lakini acha simu na bwana shamba wathibitishe. Ni virusi bibi, hamna dawa ya kupuliza ikaponya, mtu akikuuzia dawa hiyo ndo mwizi mwenyewe. Vinasambazwa na nzi weupe na vinasafiri kwenye vipando, kwahiyo mmea mgonjwa ung'oe ungali mdogo, usikate vipando kutoka kwake wala usimpe jirani, na msimu ujao muulize bwana shamba wako wazalishaji wa mbegu za muhogo waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mimi ni klinikal ofisa. Nasikia kuna kliniki hapa Nairobi AI inasoma vile daktari anaandika na kumkosoa. Si ndio mwanzo wa kutufuta kazi? – *Msomaji, Nairobi*

Hizo ni kliniki za Penda Health. Walishirikiana na OpenAI, matokeo yakatoka Julai 2025, na ni utafiti wa kweli wa kliniki 15 na mahudhurio 39,849 ya wagonjwa, siyo maonyesho ya hotelini. Daktari anaandika kama kawaida, programu inasoma kimyakimya, ikiona sawa inatoa kijani, ikiwa na wasiwasi njano, ikiona hatari nyekundu na hapo lazima uifungue usome kabla ya kuendelea. Anayeamua ni wewe. Waliotumia, ukiwalinganisha na wenzao wasiokuwa nayo, walifanya makosa ya utambuzi pungufu kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu pungufu kwa asilimia 13, kwa mujibu wa madaktari waliopitia mafaili baadaye.

Kitu kilichonigusa mimi ni kwamba mwanzoni haikusaidia sana kwa sababu watu walikuwa wanaona nyekundu wanapita. Ilibidi wenzao wanaoijua wakae nao, wawaelekeze mmoja mmoja, ndo ikafanya kazi. Na kadri siku zilivyoenda waliokuwa nayo walianza kukosea mara chache hata kabla haijawastua, yaani walikuwa wanajifunza. Lakini pia usiende kuwaambia watu inaponya, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kitu.

Kuhusu kazi, hofu yako naiheshimu na sitaipuuza. Ila ninachokiona kwenye utafiti huu ni kwamba bila mtu aliyemshika mgonjwa, akamuuliza vizuri, akaandika alichokiona, ile programu haina cha kusoma. Ninachokiogopa zaidi ni mwajiri kuitumia kama sababu ya kukuongezea foleni ya wagonjwa, na hilo ni la kupigania kwenye chama chenu mapema, kabla mitambo haijafungwa.

Nilipata voisi WhatsApp, sauti ya kaka yangu kabisa, anaomba laki tatu haraka kwa namba ngeni. Kumbe siyo yeye. Inawezekanaje? – *Msomaji, Dodoma*

Inawezekana kirahisi mno. Mwaka 2023 Microsoft walionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa sekunde tatu tu za kumsikiliza, na mapema 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup kule Hong Kong alituma karibu dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambacho bosi na wenzake wote kwenye skrini walikuwa feki. Ni ileile "hela tuma kwenye namba hii" ila imevaa sauti ya ndugu yako. Usitume kitu, halafu piga wewe namba ya zamani ya kaka. Na leo jioni kaeni kama familia mchague neno moja la siri la kumuuliza yeyote anayeomba hela, msiliandike kwenye grupu.

Tuko Muscat, wazee wetu wa Unguja. Watoto wanafanyia mazoezi ya Kiswahili kwa AI lakini inaongea kama risala ya mgeni rasmi. Kwanini? – *Mama wa watoto watatu*

Dada, kwa sababu ndicho Kiswahili ilichokisoma. Iliyoyakuta mtandaoni ni habari, hotuba, nyaraka, maandiko ya dini na tafsiri nyingi za kompyuta, wakati Kiswahili cha baraza na cha jikoni hakijaandikwa sana. Halafu maneno yetu yamebeba viambishi vingi, neno moja kama "hawakutuambia" linakatwa vipande kadhaa, kwahiyo sentensi yetu inaila modeli nafasi na gharama kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile.

Kazi inafanyika lakini. Jacaranda Health wa Kenya, wanaowajibu wajawazito kwa meseji, walichukua modeli ya Llama ya Meta wakaifundisha Kiswahili, 2023 wakaitoa kwa jina UlizaLlama. Na Mozilla wana mradi wa Common Voice ambako mtu yeyote anachangia sauti yake bure, unasoma sentensi, wenzako wanasikiliza na kukubali au kukataa, na data inaachwa wazi kwa watafiti wote.

Kwa hao watoto, waambie waiombe iongee kama bibi wa Mji Mkongwe anayemsimulia mjukuu, italegea kidogo. Halafu kama bibi yao wa kweli yupo na anasoma, mfungulie Common Voice kwenye simu, chagueni Kiswahili, mtaje na lahaja yake, asome sentensi kumi baada ya chakula. Sauti za wazee ni chache sana mule.