Lulu za kidani cha harusi: chungulia tundu kabla hujalipa

Waalaikum salaam dada yangu. Nimekuelewa: unatafuta kidani cha binti wa harusi, na muuzaji wa Mji Mkongwe anaapa kuwa lulu zake zote ni za asili. Hapo ndipo pa kusita. Lulu nyingi mno zinazouzwa leo ni za kufugwa, yaani zimekua ndani ya chaza kwa kuanzishwa na mkono wa mtu. Si aibu, ni lulu za kweli, ila usilipe bei ya asili kwa kiapo tu. Kuzitofautisha kunataka maabara ya vito yenye eksirei, macho hayatoshi.

Unachoweza kupima mwenyewe ni kama ni bandia. Omba utoke nazo mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Sugua mbili pamoja, taratibu: lulu utaisikia inakwaruza kidogo kama mchanga laini, bandia kwa kawaida huteleza. Kisha chungulia tundu linalopita uzi. Ukiona rangi inabanduka pembeni, na ndani plastiki au kioo, mrudishie. Zikiwa sawasawa zote, hazina hata kidoa, na bei ndogo, usiamini.

Baada ya hapo tazama mng'ao kuliko ukubwa. Sura yako ionekane juu yake bila ukungu. Yenye weupe wa chaki mara nyingi tabaka lake ni jembamba, haidumu.

Zile wanazofuga akina mama wa Fumba, Unguja, ni nusu lulu, bapa nyuma. Nzuri sana kwa hereni na pete, lakini mtungo wa lulu za duara hautoki humo.

Mwisho, dai risiti iliyoandikwa "ya asili" au "ya kufugwa". Akikataa kuandika, ondoka.